Bibi wa Marangu, Bibi wa Muheza na Likizo za Shule za Hamburg

Wengi wanaoniuliza habari za kusafiri na watoto wadogo kwenda Tanzania huanza na nauli. Nauli inauma, sikatai. Lakini kwa sisi tunaoishi Ujerumani kinachotangulia ni kalenda ya shule. Ukishaielewa utaona hakuna wakati mzuri wa kwenda. Kila wakati una kasoro yake, nawe unachagua ile unayoiweza.

Huku mtoto akishaanza shule, akiwa na miaka 6 hivi, kuhudhuria ni sheria. Humtoi darasani siku tatu kabla ya likizo eti kwa sababu tiketi ya Jumanne ni nafuu kuliko ya Ijumaa. Mzazi anaweza kutozwa faini, na kule Bavaria polisi wamewahi kuwasimamisha wazazi uwanja wa ndege kuwauliza kulikoni mtoto hayuko shule. Sisi tuko Hamburg. Sijawahi kusimamishwa, wala sina hamu. Kwa hiyo wenye watoto wachanga nawaambia nendeni sasa. Mtoto aliye chini ya miaka 2 akipakatwa hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli, mara nyingi asilimia 10 hivi, na hana mwalimu anayemsubiri. Watu watakwambia usubiri akue ili akumbuke. Yeye hatakumbuka, ni kweli. Bibi yake atakumbuka, na bibi ndiye ambaye miaka yake haingoji.

Akishaingia shule, zinabaki nafasi tatu za maana. Hamburg tuna likizo ya wiki mbili mwezi Machi, wakati majimbo mengine yanangoja Pasaka. Machi ndipo masika yanapoanza, na mimi kwetu ni Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Anayejua njia za vijijini za Marangu wakati wa masika hahitaji maelezo, na asiyejua namwambia tu kwamba gari huachwa kwa jirani barabarani na mabegi hupandishwa kichwani. Machi tumeifuta.

Kiangazi cha Ulaya kuna wiki sita, mara nyingi kuanzia mahali fulani Julai mpaka Agosti, miaka mingine kuingia Septemba. Ni muda wa kutosha kabisa. Kasoro yake ni kwamba shule za Tanzania zinakuwa zimeshafunguliwa, na watoto wa kaka yangu, ambao ndio marafiki wanaotegemewa, wako darasani mpaka jioni. Halafu kuna baridi. Nani anamwambia mtoto wa Hamburg kwamba Afrika kuna baridi? Wangu walishuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kaptula, wakaamka asubuhi Marangu ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, meno yanagongana. Mama yangu hakuuliza, aliingia ndani akatoka na sweta za shule za binamu zao, zile za rangi ya damu ya mzee, akawavalisha. Picha zote za likizo ile wanaonekana kama wanafunzi wa shule ya msingi ya kata.

Desemba ndiyo watu wote wako. Habari ya Wachaga na Desemba inajulikana nchi nzima, tunataniwa kwamba tunakwenda kuhesabiwa, na kwa kweli tunahesabiwa. Wa Dar es Salaam wanapanda, wa Mwanza wanapanda, nyumba inalala watu mpaka sebuleni. Lakini ni wiki mbili tu, tiketi zimepanda, na kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kila mwenye mtoto anataka likizo ya Krismasi. Mwaka nikipewa mimi, Pasaka na Krismasi inayofuata ni zamu yangu bila mjadala. Kwa hiyo tunabadilishana, mara kiangazi, mara Desemba. Ukinibana nichague moja, nachagua kiangazi, pamoja na baridi yake na binamu walioko shule. Nitaeleza.

Desturi inataka mgeni apite kwa kila mtu. Ukitoka Ulaya unatakiwa kwa shangazi Himo, kwa baba mdogo Rombo, kwa dada Arusha, halafu uteremke kwa wakwe Muheza, mkoani Tanga, halafu Dar kwa kaka wa mume, maana usipofika atasema umemdharau. Kila nyumba soda, kila nyumba kuku, kila nyumba picha. Watoto wanateremshwa, wanasema shikamoo kwa mstari mzima wa wazee, wanapimwa urefu kwa macho, wanaambiwa wamefanana na marehemu fulani, wanapakiwa tena. Tulizunguka hivyo kama wagombea ubunge, mpaka siku moja ndani ya gari binti yetu, wakati huo ana miaka 5, akauliza kwa Kijerumani kama yule mama tuliyetoka kwake ni ndugu yetu au ni mwenye hoteli. Alikuwa ni shangazi yangu wa damu.

Baba watoto ndiye aliyekata shauri kwamba sasa ni nyumba mbili tu, Marangu kwa mama yangu na Muheza kwa mama yake. Anayetaka kutuona anakaribishwa hapo. Maneno yalikuwepo, tena mengi. Shangazi mmoja alisema tumeshakuwa Wajerumani, kuonana nasi mpaka kwa miadi. Mama aliyamaliza kwa njia yake. Alitangaza Jumamosi moja, akachinjisha mbuzi, sisi tukatoa fedha na yeye akatoa ndizi, na ukoo ukaja. Walichoka wao kutembea badala ya watoto. Na kwa hesabu ya mafuta ya gari na bahasha za kila mlango, mbuzi alikuwa rahisi.

Kuhusu bahasha nina moja tu la kusema. Tunakubaliana kiasi tukiwa bado Hamburg, na kwetu anayetoa ni mume wangu, kwao ninayetoa ni mimi. Mkwe anayetoa kwa mkono wake anapata heshima, na hakuna wa kunivuta nyuma ya jiko kuniomba kidogo cha ziada, kwa sababu fedha hazikai kwangu.

Sasa ukikaa mahali pamoja, siku za mwanzo ni ngumu. Mtandao unakatika, wenzao wako shule, mvua ya manyunyu, na watoto wanakuja kila baada ya dakika kumi kusema hawana la kufanya. Mimi nilikuwa na wasiwasi. Mama hakuwa nao hata chembe. Ana ng'ombe wawili wa maziwa bandani, na ng'ombe wa bandani hajui kama kuna wageni, anataka majani asubuhi na jioni, na kiangazi anaongezewa mgomba uliokatwakatwa. Binti akapewa kazi ya kutia maji na kusogeza majani. Mdogo wake akapewa mayai, yaani kuyatafuta, maana kuku wa mama hutaga popote isipokuwa pale walipotengenezewa. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva, wakafundishwa kuchuma nyekundu na kuiacha ya kijani, na wakachuma ya kijani, wakagombezwa. Niliwasikia wakigombezwa nikiwa ndani, nikajizuia kutoka. Hilo ni gumu kwa mama anayeishi nchi ambako mtoto huombwa radhi kabla ya kukatazwa. Lakini bibi anayemgombeza mjukuu ni bibi anayemhesabu kuwa wa nyumbani. Mgeni hagombezwi.

Saa kumi jioni binamu wakirudi shule, wote wanakwenda kukata majani. Hapo ndipo lugha ilipofanya kazi. Nyumbani Hamburg mimi na baba yao tunazungumza Kiswahili na watoto wanatujibu Kijerumani, na sina nguvu ya kupigana vita hiyo nikitoka zamu ya usiku. Mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 8, hajui Kijerumani wala hana mpango wa kukijua. Ukitaka akupe zamu ya kushika mundu, unamwomba kwa Kiswahili. Wakaomba.

Lakini lililobadilisha mambo hasa lilitokea kanisani. Baada ya ibada ya Jumapili, waumini hutoka nje kwenye mnada wa sadaka, kwa sababu si kila mtu hutoa fedha. Kuna aliyeleta mkungu wa ndizi, kuna mayai kwenye bakuli la plastiki, kuna chupa ya maziwa, na siku hiyo kulikuwa na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Mzee wa kanisa ndiye mnadishaji, na hodari hasa, anajua nani kapokea mafao na nani kauza ng'ombe. Bei ilianza elfu nane. Elfu tisa. Elfu kumi. Mwanangu, amesimama mbele na binamu zake, akaona watu wananyoosha mikono, naye akanyoosha. "Elfu kumi na mbili, mgeni wetu kutoka Ujerumani!" Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja nyuma akapandisha kwa utani, mtoto akanyoosha tena. Mnadishaji akamtazama yule mzee, akanitazama mimi, akagonga meza. Nililipa fedha ambayo sokoni Himo ungekaribia kupata jogoo wawili, na mwanangu akarudi nyumbani amemkumbatia kifuani, mbawa zinampiga usoni, hataki kusaidiwa.

Mama alidhani ni kitoweo cha siku ya kuaga. Mtoto akakataa. Kukawa na kikao kizima jikoni, mjukuu akijieleza kwa Kiswahili chake cha kuunga, bibi akimuuliza jogoo atakula nini na nani atamwangalia. Mwisho walikubaliana kwamba jogoo abaki, ila bibi awe na haki ya kumtumia kwa kazi za jogoo. Mtoto alikubali bila kujua kazi zenyewe ni zipi.

Zamani tukipiga simu ya video kutoka Hamburg, mazungumzo yalikuwa haya: shikamoo bibi, marahaba, hamjambo, hatujambo, mmekula, tumekula. Kimya. Binti anatazama dari, mdogo wake ameshatoroka, mama yangu anatikisa kichwa kwenye skrini, na mimi najaza pengo kwa maneno yangu. Sikuwalaumu, walikuwa hawana la kuzungumza. Baada ya kiangazi kile wakawa nalo. Jogoo hajambo? Ng'ombe mweusi ameshazaa? Ndama dume au jike? Yule mbwa wa jirani bado anakula mayai? Binti akaanza kuuliza maneno anayoyahitaji kabla ya kupiga, "mama, kukamua ni nini, nimuulize bibi". Jogoo aliliwa na kicheche mwaka uliofuata. Mimi ningetunga uongo kidogo. Mama alimwambia wazi, akamwonyesha na manyoya, na mtoto akalia mbele ya simu kwa Kiswahili, akamlaani kicheche yule kwa maneno ambayo sijui alijifunzia wapi.

Ndiyo maana nasema kiangazi. Desemba watoto hukutana na ukoo mzima, wanafurahi, wanakula, wanacheza mpaka usiku. Lakini Desemba hakuna anayefanya kazi za kawaida mbele yao, kila siku ni sherehe, na sherehe haiachi maneno ya kuulizana mwezi Februari. Undugu wa watoto wa ughaibuni unaishi kwenye simu miezi yote ile ambayo hamko huko, na simu inataka habari. Habari zinapatikana kwa ng'ombe, kwa mayai, kwa mtu aliyekugombeza.

Muheza ni dunia nyingine. Kuna joto, michungwa mpaka mlangoni, watu wanakaa nje usiku. Barabara inapita Same, Mombo na Korogwe, na kwa kuwa Ujerumani mtoto hukaa kwenye kiti maalumu cha gari mpaka afike sentimita 150 au miaka 12, mimi nasafiri na vile vya kukalia vidogo, visivyo na mgongo, ndani ya begi. Dereva wa Noah hucheka. Acha acheke, ila mkanda aufunge. Mama mkwe wangu huwapokea watoto kwa utani wa bibi na wajukuu, mvulana ni "mume wangu", msichana ni "mke mwenzangu". Mara ya kwanza mwanangu alinijia uso umebadilika, akaninong'oneza kwamba bibi amechanganyikiwa. Sasa akipiga simu anajitambulisha, "Bibi, ni mume wako." Wenzake wa darasani Hamburg ni bora wasijue.

Muheza ndiko ninakokuwa mkali kuhusu malaria. Marangu kuko juu na baridi, mbu ni wachache, lakini watafiti wa malaria hawakwenda Muheza miaka yote ile kufuata machungwa. Sisi wazazi tunajidanganya sana hapa. Tunasema nimekulia huko, nimeugua mara ngapi, niko hai. Ile kinga tuliyoipata kwa kuumwa na mbu kila msimu hupungua ukikaa Ulaya miaka, na mtoto aliyezaliwa Hamburg hajawahi kuwa nayo. Miongoni mwa wanaorudi Ulaya na malaria, wahamiaji waliokwenda kuwaona ndugu ni wengi, kwa sababu mtalii humeza dawa na sisi tunaona aibu kumeza dawa mbele ya mama mzazi. Hamburg tuna bahati ya kuwa na Taasisi ya Bernhard Nocht, iliyoanzishwa mwaka 1900 kwenye mji huu wa bandari kwa sababu meli zilileta maradhi ya nchi za joto. Kuna madaktari wa kusafiri pale, na daktari wa watoto naye anaweza kukuandikia. Wangu hupewa dawa ya atovakoni na proguanili, kipimo kwa uzito wa mtoto, kila siku pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria mpaka siku 7 baada ya kutoka. Zile siku 7 za mwisho ndizo watu huziacha, mtu akishafika kwake anaona yamekwisha. Mdogo wetu huipokea ikiwa imepondwa ndani ya siagi ya karanga, bila siagi ya karanga hakuna maelewano. Na akipata homa baada ya kurudi, hata wiki zimepita, neno la kwanza kwa daktari ni kwamba tulikuwa Tanzania. Binti alipata homa majani yakiwa yameshapukutika, nikadai damu ipimwe, daktari wa zamu akapima, ikawa ni mafua ya kawaida ya Hamburg. Nitadai tena.

Nirudi Marangu kidogo, kwa sababu kuna jambo nimekuwa nikilizunguka. Baba yangu amezikwa nyumbani, ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kama ilivyo kawaida yetu. Kaburi lina vigae vyeupe, liko hatua chache kutoka kwenye banda la ng'ombe, na watoto hukaa juu yake wakimenya miwa. Sisi hatuoni ajabu. Binti yetu aliona, ila si ajabu niliyoitarajia. Huku Hamburg kaburi ni la kukodi. Familia inalipia miaka 25 hivi, muda ukiisha na hakuna anayeongeza, jiwe linaondolewa na nafasi anapewa mwingine. Wazee ninaowahudumia hulizungumza hilo waziwazi wakinywa kahawa, nani atalipia, bora kuchomwa maana ni rahisi. Mtoto amezisikia habari hizo mezani kwangu. Basi akamuuliza bibi yake, kwa adabu zote, babu amelipiwa mpaka mwaka gani.

Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha akamwambia, "Babu yako hadaiwi na mtu, mjukuu wangu. Hapa ni pake." Akamshika mkono akamwonyesha na pake yeye, upande wa kushoto, kabla ya mti wa kwanza wa kahawa. Binti akapatazama, akapima kwa hatua, akauliza kama pamebaki pa mama. Mama yangu alinitazama. Nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua.

Swali lile lina upande wa moyo na upande wa karatasi. Wa moyo niachieni. Wa karatasi uko hivi. Watoto wetu wana pasipoti mbili. Walizaliwa Ujerumani baba yao akiwa ameshaishi kihalali miaka ya kutosha, kwa hiyo ni Wajerumani, na kwa kuzaliwa na Watanzania ni Watanzania kwa kurithi. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamvumilia mtoto kuwa na viwili mpaka atimize miaka 18, halafu achague. Faida yake unaiona dirishani KIA, wanaingia kwa pasipoti ya Tanzania wala hatulipi dola 50 za viza kwa kila kichwa. Gharama yake ni safari ya treni mpaka ubalozini Berlin na siku ya kazi iliyopotea. Sisi wakubwa ndio tumebanwa. Ujerumani tangu tarehe 27 Juni 2024 haimtaki tena mtu aukane uraia wake wa asili ili kupewa wa kwao, na wenzangu kazini wananishangaa kwa nini sijaomba. Nawaambia mlango wa huku umefunguliwa, wa kwetu bado. Nikichukua wa Ujerumani, wa Tanzania unakoma, na Tanzania asiye raia hamiliki ardhi kama raia. Serikali imekuja na hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, na kuna wanaoifurahia. Mimi nataka kuona kwanza inavyotumika vijijini, kwenye kihamba kisicho na hati, mbele ya kaka zangu.

Lililobaki ni mabegi ya kurudi, na hapa ndipo ugomvi wa mabibi ulipozuka. Kuingia Umoja wa Ulaya na nyama au maziwa hairuhusiwi, hilo wengi wanalijua. Matunda ndiyo yanayowachanganya watu, karibu yote yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache yaliyotajwa, na ndizi imo. Machungwa hayamo. Kwa hiyo ndizi mshale za bibi wa Marangu zilifika Hamburg salama, zikapikwa mtori, picha ikatumwa kwenye kundi la familia, na bibi wa Muheza, ambaye furushi lake la machungwa nililiacha Marangu kwa jirani, akaiona picha hiyo.

Hakusema kitu wiki nzima. Halafu akapiga, si kwangu, kwa "mume wake". Alitaka asomewe ile orodha, tunda kwa tunda. Mtoto akakaa na baba yake wakasoma, nanasi, ndizi, tende, duriani. Duriani akauliza ni kitu gani, akaelezwa, akasema huko waendelee nalo wenyewe. Wakafika kwenye nazi. Akasema arudie hapo. Nazi inaruhusiwa, bibi. Nyuma ya nyumba yake Muheza minazi ipo. Sasa ameshatoa masharti ya kiangazi kijacho. Safari inaanzia Muheza badala ya Marangu, watoto wanakula machungwa hukohuko mpaka wachoke, na begi moja zima la kilo 23 ni la nazi, zimefuliwa tayari. Bado sijamwambia mama yangu kwamba begi hilo ndilo lililokuwa la ndizi.